Mutoto wa Musagaji Alikuwa Baba Yake

Kaka zangu wa Itebero,

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kilima kizima, na suruali yangu nilikuwa nayo.

Munajua ile kamyo ya sinema inayopanda huku Masisi mara moja moja. Siprien njo dereva, njo fundi wa mashine, njo mwenye kuvuta kamba ya grupu mpaka umeme utoke. Mwenye kueleza filimu kwa watu ni mimi. Nasimama kando ya shuka ya kuonyeshea picha, pembe ya chuma mudomoni. Wale wa ndani ya shuka wanasema Kifaransa, mimi natoa Kiswahili. (Wakisema haraka sana, natoa changu.)

Filimu watu wanayoipenda ni ile ya Musagaji. Muntu mwenye kinu cha maji alitupwa mutoni na majirani wenye wivu, kiisha akatoka, uso mweupe wa unga, na kuanza kuwakaba mumoja mumoja. Hiyo njo ya kwanza. Ya pili, Musagaji Anarudi. Ya tatu, Bibi ya Musagaji. Na leo, misa ikiisha, Siprien alituahidi ya ine: Mutoto wa Musagaji.

Hapa kilimani mimi njo mwenye kusema filimu gani nzuri, gani ya bure. Nimekaa wiki nzima nikiwafundisha watu.

«Ya kwanza njo filimu,» nikawaambia kwenye mulango wa kanisa. «Zingine zote ni maji ya kuoshea sufuria. Ya pili, wamemufufua kwa sababu gani? Kwa sababu watu walijaa. Ya tatu, wamemuoza! Muntu amekufa mara mbili, anapata bibi, na mimi mwalimu muzima bado naomba!»

Watu wakacheka. Anjelani akacheka pia. Anjelani ndiye ninayemuomba. Baba yake, Papa Bauma, katekista, hakucheka, lakini alitikisa kichwa kama muntu anayesikia maneno ya akili. Nikaongeza chumvi.

«Na namna gani wanazika kule? Kila mara anatoka! Sisi hapa tukizika muntu, anabaki.»

«Wewe, Mwalimu Filipo,» Papa Bauma akaniuliza, «ile ya kwanza uliiona wapi? Huku haikufika.»

«Kirotshe, Papa. Mara mbili.»

(Kaka zangu, ukweli ni huu. Kirotshe nilikwenda kununua chaki. Nilikaa mbele ya shuka dakika tano. Mukono ukatoka ndani ya gunia la unga, nami nikatoka. Nilikimbia mpaka nikajikuta Bweremana, kijiji kingine. Chaki sikununua.)

Basi, leo saa nane, hangari ya kukaushia kahawa ikajaa. Tukafunga milango na mikeka ili giza liingie. Papa Bauma akapewa kiti cha mbele, Anjelani karibu yake na dada zake. Siprien akanong'ona kwamba mwanzo wa bobini, ule utepe wa filimu, umekatika njiani, ataanza bila majina na bila kile kipande cha kwanza.

«Haizuru,» nikamwambia. «Ya ine haina mwanzo wala mwisho.»

Nilijisikia musomi, jamani.

Filimu ikaanza. Pale pale Musagaji akaonekana kando ya muto, na unga wake usoni. Watu wakaguna.

«Huyu njo mutoto!» nikapiga kelele ndani ya pembe. «Mutoto wa Musagaji!»

Mama mumoja nyuma akauliza, «Mbona iko sawa sawa na baba?»

«Damu, Mama! Damu!»

«Hata ile kovu ya shavu?»

Nikageuka kuangalia shuka: kovu iko.

«Wamemukata makusudi,» nikasema, «ili afanane. Munaona sasa upumbavu wa hizi filimu za ine?»

Watu wakapiga makofi. Kaka zangu, makofi ni kitu kibaya. Nikaanza kuhukumu kila kitu. Kinu kikaonekana, nikasema: katika ya kwanza kinu kilikuwa kikubwa zaidi. Binti wa mupika mikate akalia, nikasema: yule wa ya kwanza alijua kulia, huyu amepakwa kitunguu. Musagaji akatembea polepole kwenye majani, nikasema: baba yake alikuwa na mwendo, huyu anatembea kama muntu aliyekanyaga mwiba.

Siprien akawa ananipungia mukono kutoka kwenye mashine. Anapunga, anapunga. Nikajua ananipa moyo. Nikampungia pia.

Nikaongeza sauti. «Kama mungekuwa na mimi Kirotshe! Mungeona filimu ya kweli! Hawa wamesahau namna ya kutisha muntu. Mimi hapa, naangalia, nasikia usingizi!»

Njo wakati Mama Kahindo alisimama.

Mama Kahindo ni mujane wa kule juu, analima maharagwe kwenye mutelemko ambao hata mbuzi anaukataa. Si muntu wa maneno mengi. Akasimama na kitenge chake begani, kivuli chake kikafunika nusu ya shuka.

«Mwalimu,» akasema, «samahani. Mutoto gani?»

«Mutoto wa Musagaji, Mama. Kaa chini, unafunga picha.»

«Huyu si mutoto. Huyu njo baba. Hii filimu njo ya kwanza.»

Grupu peke yake ikawa inasema.

«Mama,» nikasema kwa huruma (kwa huruma, kaka zangu!), «ya kwanza mimi niliiona mara mbili.»

«Mimi niliiona mara moja, wakati nilikuwa nauguza dada yangu Kirotshe. Sasa mbwa mweusi atapita.»

Mbwa mweusi akapita.

«Mupika mikate atafungua dirisha, ataliacha wazi, ni mujinga.»

Mupika mikate akafungua dirisha. Akaliacha wazi.

«Na daraja litaanguka na yule polisi munene juu yake.»

Nikamuomba Mungu. Nikamuomba kweli, kwa Kilatini, kidogo ninachokijua. Daraja lishikilie. Polisi munene akakanyaga ubao wa kwanza. Wa pili. Daraja likaanguka, pwaa!

Sijasikia kicheko kama kile tangu nizaliwe. Watu walicheka mpaka vumbi la kahawa likashuka toka kwenye mabati. Siprien akasimamisha mashine, akawasha taa ya kandili, akainua kifuniko cha sanduku.

«Njo ya kwanza, kweli,» akasema. «Ile ya ine imebaki Sake, matopeni, na kamyo ingine. Nimekosea sanduku. Mwalimu, si nilikuwa nakupungia?»

Muntu akapiga kelele toka nyuma: «Mwalimu! Kinu kilikuwa kikubwa zaidi wapi? Bweremana?»

(Bweremana! Alijuaje?)

Wakaninyang'anya pembe. Hapana, nisidanganye tena: niliitoa mwenyewe. Mama Kahindo akaikataa, akasema sauti yake inatosha. Wakanikalisha mbele, chini, kwenye mukeka, karibu na kiti cha Papa Bauma.

Na yule mama, kaka zangu, anaeleza! Kifaransa hajui hata neno, lakini aliwaeleza watu kila muntu anaogopa nini na kwa nini. Alisema, «Hawa majirani walimuzamisha kwa ajili ya unga. Sasa kila mara wanakula mukate, wanamusikia kooni.» Hangari nzima ikashika koo. Mimi pia. Mara ya kwanza nilielewa yule maskini alikuwa anatafuta nini.

Lakini kuna jambo nililolisahau. Mwisho wa filimu ile sikuwa nimeuona.

Binti wa mupika mikate anaingia kinuni peke yake. Kimya. Anapita magunia. Moja. Mawili. Nikajiambia: Filipo, wewe ni mwalimu. Gunia la tatu likapumua.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Ninavyoambiwa, nilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, nikaruka kutoka kwenye mukeka, na nilipofungua macho nilikuwa juu ya mapaja ya Papa Bauma, mikono yangu miwili kwenye shingo yake, nikimuita mama yangu.

Papa Bauma hakunisukuma. Alingoja mpaka filimu ikaisha, na mimi bado mapajani. Kiisha akaniambia polepole, mudomo karibu na sikio:

«Mutoto wangu. Filimu hukuiona.»

«Ndiyo, Papa. Sikuiona.»

«Ile baiskeli uliyosema unayo?»

«Iko, Papa. Ni ya kaka yangu.»

«Na lile shamba la Itebero? La muhogo, lenye nyumba?»

Nikashuka mapajani, nikaanza kutafuta kiatu changu.

Tulipotoka nje, Anjelani alikuwa ananingoja kwenye kamyo, anapangusa machozi ya kicheko. Nikamwambia anisamehe, kwamba nimemudanganya yeye na baba yake.

«Mimi nilijua zamani,» akasema. «Kaka yangu anauza samaki Bweremana. Alikuona siku ile ukipita mbio. Alisema: kama huyu anakuoa, hutakosa muntu wa kukimbia kumuita dokta.»

«Na bado unanitaka?»

«Mimi, ndiyo. Papa, sijui. Kesho asubuhi anaanza safari kwa miguu. Anataka kuliona shamba kwa macho yake.»

Sasa sikilizeni, kaka zangu. Barua hii inakuja na kamyo, Papa Bauma anakuja kwa miguu. Muko mbele yake siku mbili, pengine tatu kama mvua inanihurumia. Lile shamba langu munalijua: ni pori lenye nguruwe. Fyekeni. Nyumba, simamisheni hata kuta tatu, ya ine museme fundi anaumwa. Na muhogo, chomekeni vijiti kwenye mistari, vinyooke.

Na kama lazima mucheke, muchekee kule kule shambani, panga mukononi.

Ni mimi ndugu yenu,
Filipo