Kampeni ya Numbat, Liverpool

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baridi. Mvua. Lakini leo vita vimeanza! Nimeifuta kompyuta ya kanisa letu hapa Liverpool, kitongoji cha Sydney, na kuiwekea Numbat. Huu ni mfumo endeshi wa bure, kazi ya watu wa kujitolea, uliopewa jina la mnyama wa huku mla mchwa ambaye Waaustralia wenyewe hawajawahi kumwona. Watumiaji Sydney nzima: mimi. Labda na yule jamaa wa Seven Hills, ila siku hizi hajibu ujumbe wangu.

Shida ni moja tu. Programu ya kurusha maneno ya nyimbo ukutani inauzwa na kampuni, na kwenye Numbat haifunguki. Niliwaandikia. Dada mmoja wa huko, Kelly, akajibu kwamba wateja wakiomba kwa wingi watafikiria. Kwa wingi! Mimi nina kanisa zima! Nimeshaifuta kompyuta, basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumanne, 5 Agosti
Mchungaji Niyongabo amepiga simu. Jumapili ni ibada ya kumkumbuka marehemu Mama Irankunda, mke wa Mzee Habonimana. Mzee anataka nyimbo alizotunga mkewe kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania ziimbwe, maneno yakiwa ukutani. Maneno hayo yako kwenye akaunti ya kanisa huko kwa kampuni. Mama aliyachapa mwenyewe kabla ugonjwa haujamzidi, na kwingine popote hayapo. Nikamwambia mchungaji asiwe na shaka. Shaka nikabaki nayo mimi.

Tevin wa kwaya, anayejiona fundi kwa sababu ana laptop mpya, akaniuliza mbele ya mwimbaji mwenzake Jerusha kama nimechizi. Jerusha akacheka. Ya Tevin nimezoea. Kicheko cha Jerusha kimeniuma.

Jumatano, 6 Agosti
Maombi ya katikati ya juma. Wakati wa matangazo nikasimama, nikawasihi wote wamwandikie Kelly barua pepe kuomba programu ikubali Numbat. Nikawaelekeza vizuri: usimvamie mtu na shida zako kama hukulelewa. Anza na salamu. Mwulize hali yake, wazazi, watoto. Mbariki. Ndipo uombe. Wakaitika amina! Bisimwa, kinyozi wetu Mkongo, alianza kuandika papo hapo. Alimwita Kelly mpendwa dada yake katika Bwana na kuahidi kumwombea apate mume mwema. Mama Shirleen aliniuliza kama anaweza kumtajia Kelly na mdogo wake anayetafuta kazi. Nikasema haidhuru.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Akaunti imefungwa! Mitambo ya kampuni imetuona matapeli. Watu wengi wasiojulikana, majina mageni, baraka tele, wote wanamwita Kelly mpendwa, kisha mwishoni wanaomba kitu. Ningekuwa mtambo, hata mimi ningefunga.

Bisimwa kasema ameitwa mkimbizi na ameitwa mgeni, lakini tapeli, hajawahi. Nikamwomba radhi. Akakata simu. Tevin naye kajaribu kwa laptop yake, wapi! Nyimbo za mama ziko ndani, sisi tuko nje. Nimepiga simu kwa kampuni, sauti ya mashine ikanishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu gani? Ofisi inafunguliwa Jumatatu, ibada ni Jumapili.

Jumapili, 10 Agosti
Ukuta mweupe.

Mzee Habonimana alikuja na suti iliyopigwa pasi vizuri. Akautazama ukuta, akanitazama mimi. Binti yake Belyse akaanzisha wimbo. Ubeti wa kwanza tuliimba sote. Wa pili, wachache. Wa tatu aliimba mzee peke yake, mstari mmoja, kisha akabaki amesimama mdomo wazi. Maneno hayakuja. Aliyeyajua tumemzika. Akaketi polepole, Belyse akamshika mkono.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wakati wa chakula hakuna aliyenikaribisha. Nilikula chapati yangu nimesimama kando ya friji, na ilikuwa imepoa.

Jumanne, 12 Agosti
Kelly kapiga simu mwenyewe! Kumbe barua alizisoma zote. Kasema hakuna mteja aliyewahi kumwuliza habari za mama yake, na mama yake ni mgonjwa. Akaunti kaifungua. Kuhusu Numbat kasema pole, hapana: aliyeiomba ni mtu mmoja tu, mimi. Wenzangu walisalimu, wakabariki, wakaomba kazi, Numbat wakaisahau. Lo!

Jioni Tevin kaleta laptop yake kanisani, maneno yakatokea ukutani mara moja. Mzee Habonimana aliketi kati ya viti vitupu akasoma ubeti wa tatu, kidole hewani, mstari kwa mstari. Alipomaliza akaanza tena. Nililia. Mwanamume mzima, nililia, na Tevin akaniona. Mzee akanishika bega akasema yameisha, mwanangu. Kesho atakuja na Belyse wayanakili, yasipotee tena.

Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Barua zilikuwa nyingi mno! Inatakiwa moja tu, ndefu, ya mzee. Mgane anayelilia nyimbo za mkewe na kuomba Numbat, Kelly atamkataliaje? Salamu kurasa mbili, na mama yake Kelly tumwulizie kwa jina. Ila ombi halina uzito kama maneno yanafunguka kwingine.

Tevin kaenda kumsindikiza mzee kituoni, na laptop yake kaiacha mezani. Nimeshaifuta. Numbat inaingia vizuri sana.