Bima ya Mbele Tu

Bakili Tai aliiona riziki yake ikishuka kwenye vani mbovu saa nne asubuhi, imekunja uso na imeshika kofia mkononi.

Riziki hiyo iliitwa Anselmi, Mchaga wa Kibosho, muuza vitunguu wa jumla hapo Kariakoo. Ubahili wake ulijulikana mpaka Ilala. Alikuwa akizima injini kila apatapo mteremko, na katika Dar es Salaam nzima hakuna mtu aliyepata kuhesabu miteremko mitatu.

Jumapili iliyopita askari mmoja, koplo, alimsimamisha Mnazi Mmoja. Akaizunguka vani, akakitazama kioo cha mbele, akaona ufa na nzi aliyekufa. Cheti cha bima hakukiona. Akampa siku mpaka Jumamosi: Jumamosi asubuhi atapita mwenyewe sokoni, na pasipokuwa na cheti vani italala kituoni. Vani hiyo Anselmi aliinunua baada ya kubeba magunia begani miaka tisa, kutoka stesheni ya reli mpaka sokoni, na bega lake la kulia lilikuwa bado limeshuka kuliko la kushoto.

Sasa ilikuwa Jumatano, na alikuwa akitoka Posta, kwenye ofisi ya bima yenye feni tatu ndani na dirisha moja nje kwa ajili ya watu weusi. Yaliyompata huko yaandikwe, kwa maana walioyatenda wana desturi ya kuyasahau. Alisimama dirishani tangu ofisi ilipofunguliwa. Waliokuja baada yake walihudumiwa kabla yake, wakipangwa kwa rangi kama nguo za dobi. Zamu yake ilipofika aliomba bima ya gari, na karani, bila kuinua macho, akamtajia shilingi mia tatu na arobaini. Anselmi akauliza kwa nini Mgiriki aliyetangulia kuhudumiwa ndani analipa mia mbili na hamsini. Akajibiwa kwamba dereva wa Kiafrika ni wa hatari zaidi. Hatari kwa nani, hakuambiwa. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na tayari kulikuwa na watu wakiliuliza swali hilo hilo mikutanoni, na Serikali, ambayo haikuwa na jibu, ilikuwa na daftari la kuandikia majina yao.

Bakili alikuwa amekaa kwenye genge la chai la Waridi, amevaa koti na ile tai iliyompa jina. Ofisi za namna hiyo alizijua. Alikuwa tarishi katika mojawapo kwa miaka kumi na mmoja, mpaka siku alipokutwa akinywa maji kwa bilauri ya Bwana Mkubwa. Bilauri ilivunjwa, naye akafukuzwa. Alitoka na tai, bunda la fomu na muhuri mmoja wa mpira unaosema kwa Kiingereza kwamba kitu kimepokelewa. Katika biashara yake yote, hilo ndilo lililokuwa neno pekee la kweli.

“Habari za mjini, bwana?” Bakili alisema, akimsogezea kiti.

“Mbaya.”

“Mia tatu na ngapi?”

Anselmi akageuka. “Nani kakuambia?”

“Uso. Uso wa mia tatu naujua, nimeutazama miaka kumi na mmoja. Kaa, bwana. Waridi, mpe mgeni chai, mie nalipa.”

Waridi alisimama na birika mkononi. Maneno hayo mawili ya mwisho alikuwa hajawahi kuyasikia kinywani mwa Bakili.

“Kosa la wale wa mjini,” Bakili aliendelea, “wanakushonea kanzu ya bwana mnene. Wewe mwembamba. Kitambaa chote kinachoburuzika chini unakilipia, na hukivai. Mimi wakala wa Bahari na Bara. Kwetu tunampima mtu kwanza. Wewe unadhani kwa nini watu wanasema kukata bima? Inakatwa, bwana. Kwa mkasi.”

“Wewe kiasi gani?”

“Nzima, mia na ishirini. Lakini ngoja tukate. Unaenda Upanga?”

“Kufanya nini?”

“Tunatoa Upanga. Kigamboni je?”

“Pantoni inatoza.”

“Tunatoa Kigamboni. Usiku?”

“Taa moja haiwaki.”

“Tunatoa usiku. Abiria?”

“Mke wangu tu, Jumapili, kwenda misa.”

“Mnagombana?”

“Kidogo.”

“Basi tunatoa abiria. Akiumia, hayo ni mambo ya nyumbani. Hapo nimekupunguzia shilingi tano nyingine.”

Anselmi alikuwa amesahau chai. Bei ilikuwa ikishuka mbele ya macho yake bila yeye kuisukuma, jambo ambalo katika miaka yake yote ya vitunguu lilikuwa halijamtokea.

“Bado kubwa,” alisema.

“Tulitazame gari lenyewe, basi. Huwa linagonga kwa wapi?”

“Halijagonga.”

“Likigonga.”

“Kwa mbele, nadhani.”

“Na kwa nyuma?”

“Litagongaje kwa nyuma? Rivasi imekufa tangu mwaka jana. Nikitaka kurudi nyuma nawaita wachukuzi wananisukuma.”

Bakili akaiweka kalamu mezani polepole, kama mtu aliyesikia habari ya msiba. “Rivasi huna,” alisema, “na wale watu walitaka kukulipisha nyuma.”

“Ndugu yangu,” Anselmi alisema.

“Wana roho gani hao? Natoa nyuma yote. Shilingi sitini, bima ya mbele tu.”

Anselmi alitia mkono mfukoni, kisha akautoa mtupu. “Karani alitaja mtu wa tatu. Ni nani huyo?”

“Mtu wa kwanza, kampuni. Mtu wa pili, wewe. Mtu wa tatu ni yule utakayemgonga. Kampuni inamlipa yeye.”

“Simjui.”

“Hakuna anayemjua mpaka siku hiyo.”

“Na mimi nimlipie mtu nisiyemjua?”

“Bwana, hilo ni agizo la Serikali. Hata kodi ya kichwa unalipa, na hao wanaoila unawajua?”

Anselmi akalipa. Bakili akajaza fomu kwa mwandiko wa mkia mrefu, akaorodhesha yote yaliyotolewa, akapiga muhuri, akaibandika mwenyewe kwenye kioo cha mbele, juu ya ule ufa. Chai akasahau kuilipia.

Jioni ile Nasor, muuza halua mwenye teksi mbili, aliiona karatasi ile akauliza bei. Kufika Ijumaa walikuwa wateja saba. Fundi saa mmoja alikata bima ya pikipiki upande wa kushoto tu, kwa kuwa upande wa kulia, alisema, yeye hutazama.

Mtu ambaye Bakili asingetaka kabisa kuonana naye ni Josepha, mke wa Anselmi, aliyejulikana sokoni kama Mama Severa. Yeye alisoma shule ya masista mpaka walipomwambia inatosha, na hakukubaliana nao. Jumatano alasiri, akingoja magunia yapakuliwe, aliisoma karatasi iliyokuwa kiooni tangu juu mpaka chini. Muhuri ulikuwa na tarehe: Aprili 1949. Gurudumu la mwaka lilikuwa limekwama tangu enzi za Bwana Mkubwa, na Bakili hakuwa mtu wa kusoma vitu vidogo.

“Baba Severa,” alisema, “mwaka arubaini na tisa gari hili lilikuwa bado chuma huko kwao.”

“Nimekata kwa sitini,” Anselmi alijibu, akitabasamu. Habari nyingine hakuwa nayo.

Alhamisi Mama Severa alijifunga khanga safi, akaenda Posta kwa miguu, akasimama kwenye lile lile dirisha. Karani akaanza kutaja mia tatu na arobaini.

“Hiyo ya mia tatu ni ya nini?”

“Ya gari lote. Likiibiwa, likiungua, likigongwa.”

“Gari letu hata mwizi atataka kusukumiwa. Nataka ile anayoitaka askari. Ya mtu wa tatu peke yake.”

Karani akainua macho. Ilikuwapo, na ilikuwapo hata jana, lakini hakuajiriwa kujibu lisiloulizwa. Ilikuwa shilingi sabini na nane. Mama Severa alilipa kwa fedha zake za kuuza mbege, ile pombe ya ndizi, akangoja chenji hali Mzungu mmoja aliyepita kuingia ndani akimsukuma kwa kiwiko, akaondoka na cheti cha kweli ndani ya kikoba chake. Mumewe hakumwambia. Angejua kwamba zimetoka sabini na nane juu ya sitini, angeugua kabla ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi Bakili aliamua kuifunga ofisi. Treni ya bara ilikuwa inaondoka mchana, na mtu mwenye wateja saba wa bima hapaswi kukaa mpaka mmoja wao agonge. Sanduku lake lilikuwa chini ya benchi la Waridi. Lakini vani ya Anselmi iliingia kichochoro cha genge kwa pua, ikaziba njia na kulibana lile benchi, na kwa kuwa haina rivasi, haikuweza kutoka.

“Bwana Anselmi, iondoe hii, nina safari.”

“Wasukumaji hawajafika.”

“Watu wote hawa?” Bakili akawageukia wachukuzi waliokuwa wakinywa uji, akapiga makofi. “Jamani, haya, twende, sukumeni! Nyuma kweupe, hakuna mtu.”

Wakasukuma. Nyuma kulikuwa kweupe kweli, mpaka pale Bakili mwenyewe alipozunguka na kuinama kulivuta sanduku. Vani ikamkalisha chini, ikapanda kidogo, ikasimama. Mguu wake ulilia mlio ambao Waridi aliusikia akiwa jikoni, akadhani ni kuni.

Wa kwanza kufika alikuwa Nasor, na nyuma yake wale wengine. Hawakuwa na huzuni. Walikuwa na shauku.

“Poleni,” Nasor alisema. “Mtu wa tatu amepatikana. Sasa tutaona bima inavyolipa.”

“Nyuma tulitoa,” Anselmi alisema kwa sauti ndogo. Nyuma ilitolewa, kampuni hailipi, na kama kampuni hailipi basi watamuuzia vani.

Hapo akatokea yule koplo, aliyekuja kwa ajili ya cheti. Akatazama vani, akatazama mguu, akafungua daftari.

“Nani kagongwa hapa?”

Bakili alikuwa amelala chali, na mawazo yake yalikuwa yakikimbia mbio ambazo mguu haungeziweza tena. Akisema kagongwa, koplo ataomba bima. Akiomba bima, ataibandua ile karatasi, atauliza Bahari na Bara iko mtaa gani. Kutoka hapo ni gereza la Ukonga, moja kwa moja, bila tikiti.

“Hakuna aliyegongwa, Bwana Koplo,” alisema. “Nimejikwaa.”

Koplo akautazama mguu tena. Goti lilielekea Kivukoni, unyayo ulielekea Upanga. “Kwenye nini?”

“Sanduku.”

Mama Severa akatoka kati ya watu. Akachutama karibu naye, kikoba mapajani. “Shemeji, una hakika? Vani haikukugusa?”

“Haikunigusa, shemeji.”

“Maana mtu akigongwa ana haki yake. Mimi ni mke wa mwenye gari, na nakuuliza mbele ya koplo.”

“Sina haki yoyote,” Bakili alisema, na hilo lilimtoka kwa uchungu wa kweli. “Andika, Bwana Koplo. Sikugongwa na gari, wala sidai.”

Koplo akaandika. Bakili akatia sahihi yenye mkia mrefu. Kwa kuwa muhuri ulikuwa umedondoka mfukoni na kulala pale mchangani, Mama Severa aliuokota, akaupulizia mchanga, akaugonga chini ya sahihi. Imepokelewa.

Ndipo alipofungua kikoba. Akampa koplo cheti kipya. Koplo akakigeuza mara mbili, akasoma jina na namba ya gari, akaitikia kwa kichwa. Anselmi alivuta pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu Jumapili.

“Hii ni ya kweli,” koplo alisema. “Ya mtu wa tatu. Mtu akigongwa na vani hii, mbele au nyuma, kampuni inamlipia hospitali na siku zote asizofanya kazi. Mguu mmoja uliovunjika, nimeona watu wakilipwa shilingi elfu moja.” Akafunga daftari. “Bahati yenu leo hakuna aliyegongwa.”

Bakili aliangalia juu. Kazi ya miaka kumi na mmoja, bilauri iliyovunjwa, na sasa ile ofisi yenye feni tatu ilikuwa imetaka kumlipa, mara moja tu katika maisha yake, na yeye akaikatalia kwa maandishi.

Nasor akabandua karatasi ya zamani kiooni, akaisoma mpaka ile tarehe ya 1949, akamwonesha fundi saa. Wakatazamana. Kisha wakatazama sanduku. Waridi alikuwa amelikalia.

“Chai yangu kwanza,” alisema.

Tai ndiyo iliyofungiwa vijiti viwili mguuni. Wakambeba mpaka nyuma ya vani, na wale wateja wengine sita wakapanda naye, wakisema mgonjwa haachwi peke yake. Wachukuzi wakaisukuma mpaka barabarani, na Anselmi akashika usukani kwenda hospitali. Gari lilipoanza kutikisika Bakili aliinua shingo, akagonga bati.

“Bwana Anselmi, nenda polepole. Hivi abiria wana bima?”

“Abiria tulitoa,” Anselmi alijibu, akiitafuta gia. “Ulinipunguzia shilingi tano.”