Funguo za Kushoto

Jumatano, 9 Julai

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka Lemara, na Mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili. Nguo nilizofua juzi bado mbichi. Hata mimi najiona mbichi.

Jana mazoezini gitaa limeniaibisha tena. Ubeti wa pili, pale waimbaji wanaponyamaza na solo inabaki peke yake, uzi wa tatu ukashuka sauti. Nilisikika kama mtu anayeimba na mafua. Paskalina, mwalimu wetu wa kwaya, hakugomba. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na hiyo ni mbaya zaidi. Baadaye akatangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 19 tunarekodi video kule Nkoaranga, kijijini kwetu, na kama gitaa langu litakuwa halijatulia, solo atapiga Ephraimu.

Ephraimu! Mpiga gitaa la pili. Mtu anayetabasamu hata ukimkanyaga.

Na wimbo wenyewe ni wa Baba. Aliutunga zamani alipokuwa anaongoza kwaya ya kule kijijini, kabla presha ya macho haijamaliza kumpofusha. Tarehe 21 anahamia Songea kwa dada yangu, kwa sababu njia za Nkoaranga ni mwinuko mtupu na hakuna wa kumshika mkono. Wa kumshika mkono nilitakiwa niwe mimi. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo. Ameomba jambo moja tu, anisikie nikipiga solo ya wimbo wake kabla hajaondoka. Hajawahi kunisikia hata siku moja.

Nimefikiri na nimepata jibu. Tatizo ni funguo, zile sita za kukazia nyuzi pale kwenye kichwa cha gitaa. Gitaa ni la bei rahisi na funguo zake ni bati tu. Zote zitang'oka.

Ijumaa, 11 Julai

Manyunyu kutwa. Ephraimu alikuja dukani. Mimi nauza vifaa vya shule na kutoa kopi kwenye duka la Mama Rozmin, kwa hiyo siwezi kumkimbia mteja.

Anasema funguo hazina kosa. Eti kosa ni kile kipande cheupe chenye mifereji sita, pale shingo ya gitaa inapokutana na kichwa. Nyuzi zinakwama mle. Eti nichukue penseli, nisugue ndani ya mifereji, ule unga mweusi utazifanya nyuzi ziteleze, basi. Yeye lake kalisugua na limetulia. Alikuja kuninunulia penseli.

Penseli! Mtu anataka kiti changu, ananiambia nichorechore gitaa kama mtoto wa chekechea. Nilimwambia penseli zimeisha.

Mama Rozmin akanyanyua miwani kutoka kwenye meza yake. Akauliza, zile boksi nne nyuma ya kichwa changu ni njiti za meno? Ephraimu akacheka kwa upole, akanunua moja, akaniachia juu ya kaunta. Alipotoka nikairudisha kwenye boksi.

Nimempata Shamsudin, anauza vifaa vya muziki kwa mtandao kutoka Dar. Anazo funguo za chuma zinazoubana uzi zenyewe. Kwenye picha zinang'aa kama vijiko vya harusi. Nimeagiza.

Jumatatu, 14 Julai

Shamsudin ametuma ujumbe. Anauliza nataka za kulia au za kushoto.

Kwanza sikuelewa. Za kulia? Kwani zipo zisizolia? Nilimjibu kwamba nataka zinazolia sana, ndiyo maana nanunua. Akafafanua kwamba anauliza mkono.

Hapo nikatumia akili. Mwingine angekurupuka na kujibu kulia. Mimi nilishika ufagio wa duka, nikajifanya napiga. Mkono wa kulia unakung'uta nyuzi. Mkono unaokwenda kichwani kuzungusha funguo ni upi? Wa kushoto. Mama Rozmin aliniangalia na ufagio wangu, akasema kama sifagii nimpe yeye afagie.

Nimejibu kushoto. Nina hakika wengi hukosea hapo.

Jumatano, 16 Julai

Zimefika! Nzito, zinateleza mkononi. Nilizificha chini ya mashine ya kopi na kila mteja alipotoka nikazitazama. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Jioni nikaenda Sokon One kwa Sefu, fundi makabati. Matundu ya zamani ni membamba kwa funguo mpya, ikabidi ayatanue kwa drili. Alipoanza kufunga akauliza mbona upande wa skurubu hauelekei kule zilikoelekea zile za zamani. Nikamwambia yeye ajishughulishe na makabati. Akasema sawa, kaka, gitaa ni lako. Akazifunga zote sita, akanikabidhi na zile za bati kwenye mfuko wa nailoni. Nilizitupa jalalani pale pale ili nisipate kishawishi cha kurudi nyuma.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Nimefunga nyuzi mpya. Uzi wa kwanza, nazungusha kukaza, unalegea. Nazungusha tena, unalegea zaidi. Nikadhani funguo ni mbovu. Nikaupeleka kinyume, ukakaza. Zote sita ziko hivyo. Kukaza ni kulegeza na kulegeza ni kukaza.

Nikampigia Shamsudin. Akaniuliza, kwa adabu sana, kama mimi napiga gitaa la mkono wa kushoto. Nikasema hapana. Akasema funguo za kushoto ni za gitaa la kushoto, kaka, nilikuuliza. Nikakata simu.

Siwezi kurudi nyuma, za zamani zimekwenda na gari la taka na matundu yameshatanuliwa. Ephraimu alipita dukani akaliona gitaa, hakucheka. Akasema kesho nitumie lake, yeye atapiga langu, la pili halisikiki sana. Nikaona mtego. Nipige solo na gitaa la Ephraimu, halafu maisha yangu yote watu waseme ni gitaa la Ephraimu lililopiga? Nikakataa.

Dawa ni kukumbuka tu. Nimeandika KINYUME kwenye karatasi ndogo, nimeibandika kwenye kichwa cha gitaa. Binadamu anajifunza haraka.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa Nkoaranga, nyumbani kwa Baba. Mvua inapiga kwenye migomba.

Tulipanga viti kwenye nyasi mbele ya kanisa. Nilimshika Baba mkono kumteremsha njia yote ya utelezi. Alikuwa amevaa koti lake la ibada na amenyoa. Nikamkalisha benchi la mbele. Akaniuliza kamera iko wapi, nikamwonyesha kwa kumgeuza mabega, akakaa ameiangalia.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili waimbaji wakanyamaza. Nikaingia peke yangu, na uzi wa tatu ukakwama pale pale ulipokwama siku zote, ukashuka. Mkono ukaenda kichwani wenyewe. Nikakaza. Ukalegea. Nikakumbuka karatasi, nikatazama, manyunyu yalikuwa yameshaibandua. Nikakaza zaidi, yaani nikalegeza zaidi, kisha akili ikarudi, nikazungusha kinyume kwa nguvu zote, na uzi ukakatika ukanichapa shavuni. Mpiga kamera akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya wimbo.

Paskalina akafunga macho kidogo. Akanijia, akaninong'oneza kwamba tunarudia, solo apige Ephraimu. Mimi nikae.

Nilikaa benchi la mwisho, gitaa magotini. Ephraimu akapiga. Sitaandika alivyopiga. Nitaandika tu kwamba Baba aliacha kuangalia kamera, akainamisha kichwa, na midomo yake ikawa inafuata kila noti.

Walipomaliza akaita jina langu. Ndesanjo, Ndesanjo. Nikaenda. Akaupapasa mkono wangu, akaubana kati ya mikono yake miwili. Akasema, "Mwanangu, sasa nimekusikia. Mwanzo kuna mtu aliharibu, lakini ulipoingia wewe nilikujua."

Ephraimu alikuwa hatua moja kutoka pale, anafuta maji kwenye gitaa lake. Akaacha kufuta.

Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, ndefu ya kutosha mtu kumeza mate mara mbili. Nilisema, "Asante, Baba."

Ephraimu akamsogelea, akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Baba akaitikia, "Marahaba," akauliza huyu ni nani. Mdomo wangu ukafanya kazi bila mimi. Nikasema huyu ni Ephraimu, mpiga gitaa la pili, ndiye aliyekata uzi.

Baba akamtafuta kwa mkono mpaka akampata bega. Akamwambia, "Usivunjike moyo, kijana. Kaa karibu na mwenzako, atakufundisha."

Ephraimu alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutabasamu. Akasema, "Nitajitahidi, mzee."

Baba amelala na koti lake. Mimi sijui nimwombe nani msamaha, na nimwombeje bila Baba kujua.

Jumatatu, 21 Julai

Baba ameondoka na basi la alfajiri. Dirishani aliniambia Krismasi atakuja, nimpigie tena ule wimbo, tukiwa wawili tu, sebuleni. Nikaahidi. Basi likaondoka na mimi nikabaki stendi nimepunga mkono kwa mtu asiyeona.

Dukani nimekuta bahasha, jina langu juu. Mama Rozmin anasema Ephraimu aliiacha asubuhi, hakutaka kusubiri. Ndani kuna penseli moja, imechongwa tayari, na kikaratasi: "Ni kwa ajili ya mzee. Sugua mifereji tu." Mama Rozmin akasema huyo kijana ana moyo. Nilikaa na ile penseli muda mrefu na nusura nilie mbele ya wateja.

Kisha nikafikiri kwa utulivu. Krismasi ni miezi mitano. Funguo ni nzuri, za chuma, hazina hatia yoyote. Kisichofaa ni gitaa, kwa sababu ni la kulia. Nikipata gitaa la kushoto, kila kitu kitakaa mahali pake. Kupiga kwa mkono mwingine nitajifunza, miezi mitano ni mingi.

Kalamu yangu imeisha wino, kwa hiyo oda nimeiandika kwa penseli ya Ephraimu, inaandika vizuri sana, nikaipiga picha nikamtumia Shamsudin. Ameuliza mara mbili kama nina uhakika ni la kushoto. Nimemjibu kwamba mimi si mtu wa kurudia kosa.