Pendekezo Namba 41 na Kura ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Msimbo wangu wa kompyuta umerudishwa. Mara ya kumi na moja! Aliyeurudisha ni yuleyule mkaguzi tunayemwita Mkamilifu, mtu nisiyemjua hata sura, na ambaye naamini aliletwa duniani kunikera. Kaandika maneno machache tu: tazama mstari wa 88. Sijautazama. Najua ni koma. Huyu ni mtu wa koma.

Wiki sita nimeutolea jasho ukurasa huu mpya wa kuonyesha vyeti! Blokucheni yetu, yaani daftari la pamoja la mtandaoni, inatunza vyeti vya mafundi, na kila fundi mwenye cheti humo ana kura moja. Haina bosi, haina ofisi. Yaani hakuna hata mlango wa kwenda kuugonga kwa hasira.

Jumanne, 4 Machi

Dawa yake nimeipata. Mafundi wanaweza kupiga kura kumpinga mkaguzi. Nimepeleka Pendekezo Namba 41: ukurasa wangu uingie, Mkamilifu apende asipende. Kura zinafungwa Jumapili. Kwa kawaida wanapiga watu kumi na watano hivi, wengine hata hawajui kuna kura. Na mimi nina ndugu tisa wenye vyeti! Wanane hufuata anachosema Shangazi, fundi cherehani. Kwa hiyo kazi yangu ni mtu mmoja tu. Nimelala kama mfalme.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwenye chumba chake cha kushonea. Pini mdomoni, futi ya kamba shingoni, koti la mtu limelazwa mezani bila mikono. Nikamwambia nimeandika kodi na ninaomba abonyeze Ndiyo. Akauliza kodi ya nyumba ipi, na kwani nimehama kwa mke wangu? Nikaeleza kuwa ni msimbo wa kompyuta. Akatoa pini mdomoni, akasema habonyezi asichokisoma, na nisogee, nimemzibia taa.

Nimemtumia maelezo yote. Kurasa kumi na nne. Hatasoma. Nani husoma!

Ijumaa, 7 Machi

Amesoma.

Tena ameuliza swali kwenye baraza letu la mtandaoni, mbele ya kila mtu: je, anaweza kukiona cheti chake kwenye ukurasa huo kabla ya kupiga kura? Watu sitini na wanne wamelisifu swali hilo. Pendekezo langu limesifiwa na wawili, na mmoja wao ni mimi. Mkamilifu, ambaye hajawahi kunipa hata asante, amemwandikia: swali zuri sana, mama. Mama!

Sawa. Nimetangaza maonyesho ya hadharani humo mtandaoni kesho saa nne. Waone wenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Wameona.

Walikuwa zaidi ya mia mbili. Nikaita cheti cha Shangazi. Jina la ukoo wa mumewe lina ng' katikati. Ukurasa ukaandika jina lake la kwanza na mwanzo wa lile la ukoo, ukaandika n, ukaandika g, ukafika kwenye ile alama ndogo ya ritifaa, ukasimama. Nusu ya jina hakuna. Ufundi wake hakuna. Mwaka hakuna. Weupe mtupu.

Ikasikika sauti ya Shangazi: “Mwanangu, umenikata katikati.”

Fundi bomba mmoja akasema na yeye ana ng' kwenye jina, tumjaribu. Akakatwa. Akaja seremala. Akakatwa. Ikawa foleni! Shemeji yangu kinyozi alicheka mpaka akazima kipaza sauti chake kwa heshima.

Nimeufungua mstari wa 88. Ni ritifaa.

Jumapili, 9 Machi

Ndiyo: kura 1, yangu mwenyewe. Hapana: kura 231. Haijawahi kutokea watu wengi namna hiyo kupiga kura. Ndugu zangu wote tisa, Hapana. Shangazi amenipigia simu, akasema kwa upole kwamba ananipenda vilevile, ila nikatengeneze upya. Nilimshukuru, nadhani.

Jioni wamemchagua kuwa mkaguzi wa pili. Mkamilifu ndiye aliyempendekeza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerekebisha mstari wa 88. Dakika nne. Mkamilifu ameukubali! Shangazi ameurudisha. Anasema kitufe cha kuchapisha cheti ukikibonyeza hakifanyi chochote, ni kifungo kisicho na tundu. Mara ya kumi na mbili! Na shangazi yangu wa damu!

Hili haliwezi kuachwa hivihivi. Nimeandika Pendekezo Namba 42: mkaguzi asikague kazi ya ndugu yake. Kinachotakiwa ni kura tu. Mama mkwe ana cheti cha uokaji mikate na hajapiga kura hata siku moja. Hasomi kitu bila miwani. Na miwani yake najua anaiweka wapi.