Mwenye Wasaa Ndiye Atawale

Jumanne, 4 Machi 2014
Balaa! Amour, ambaye duka lake la viungo linatazamana na langu hapa Al Ras, Dubai, ametaka mwenyekiti wa mandari ya Wazanzibari achaguliwe kwa kura. Kura ya kila mtu! Hata Nasifu, dereva wangu. Uenyekiti ni wangu miaka yote. Mimi ndiye mshika maikrofoni, mimi ndiye napakuliwa mwanzo. Nikiukosa, Amour atahutubia nami nitapanga foleni na sahani. Sikubali.

Jumatano, 5 Machi
Kwa daktari wa meno nimekuta kitabu cha Wayunani wa kale. Jino nikalisahau. Kumbe matajiri wao walishayaona haya! Walisema wengi wakitawala ni fujo tupu, kila mtu anajiita huru na hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Mtu huru hasa ni yule asiyetumwa na kazi, mwenye wasaa wa kutafakari. Huyo ndiye atawale. Nikaondoka nacho.

Nimemweleza mke wangu, Mahfudha. Akauliza kama ganzi imenipanda kichwani.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano kwangu, Al Warqa. Nimehutubia vizuri mno. Nikasema mtu wa shughuli kutwa asitutawale, huyo ni mtumwa wa duka lake. Macho yangu kwa Amour. Akakubali! Khalas, achaguliwe mwenye wasaa.

Simu yangu ikalia. Mteja. Ikalia tena. Mteja mwengine. Nasifu, kwa adabu zake zote, akauliza kama sir naye hana duka. Watu wakatazamana. Ndipo kwenye kochi akainuka Khelef, shemeji yangu, anayekaa kwangu kwa muda tangu alipoacha kazi mwaka juzi.

"Mimi leo nina nafasi," akasema. "Kesho pia. Na keshokutwa."

Wakampitisha wote. Mahfudha akapiga vigelegele, ni kaka yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mandari. Khelef kahutubia, kapakuliwa mwanzo, na kanzu aliyovaa ni yangu. Mimi kwenye foleni, nyuma ya Amour. Nilipofika, biriani imebaki mbatata tu. Imeniuma, wallahi. Amour akanimegea nyama yake. Nimeila kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi
Kosa langu, kitabu sikukimaliza! Mbele huko wanasema nyumbani mtawala ni baba, wengine wote wako chini yake. Safi kabisa. Leo leo namjulisha Mahfudha. Namsubiri tu amalize kuniita, anataka nimpelekee Khelef chai.