Sikio la Bah Kitbok Halihitaji Karatasi

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Baridi. Ukungu mpaka jikoni. Bah Welborn, kiongozi wa bendi yetu, alituita kikao mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Tarehe 16 kuna tamasha la kumkumbuka marehemu Bah Skendro, mwimbaji wetu, aliyetutoka mwezi wa tatu. Tutapiga wimbo wake mmoja, tuliourekodi mwaka 1997. Kaseti imebaki moja tu duniani, na anayo mjane wake. Besi kwenye kaseti hiyo nilipiga mimi. Mimi! Nikiwa na nywele.

Mjane ametoa ombi moja: besi ipigwe vilevile, noti kwa noti, na vidole vilevile. Nikainua kichwa. Hapo Welborn akakohoa. Akaniambia, Bah Kitbok, kaka yangu, usinune, lakini siku hizi kwenye nyimbo unatuacha njiani. Ijumaa ya tarehe 15 ni mazoezi ya mwisho. Nikiiweza, nafasi ni yangu. Nikishindwa, besi itapigwa na Kong Larisuk, siku hiyo na siku zote.

Kong Larisuk! Dada mwalimu wa hesabu, mpiga kinanda wetu. Kila wimbo lazima auandike kwa solfa, do-re-mi, kabla hajaugusa. Huyo hata uji angeuandika kwanza ndipo aunywe. Nikawaambia wote kwamba karatasi ni za wasio na masikio. Nimelisema hilo miaka ishirini na miwili. Safari hii hakucheka mtu.

Jumanne, 5 Novemba

Larisuk ametutumia wimbo kwenye simu, ameunakili kutoka kwenye kaseti. Nimeusikiliza mara nane. Sauti ya Skendro naisikia, Mungu amrehemu. Gitaa nalisikia. Besi hakuna. Hakuna kabisa! Bila shaka Larisuk ameinakili vibaya, labda makusudi.

Nikajaribu kukumbuka kwa vidole. Vidole vinakumbuka noti nne. Wimbo una dakika tano.

Mke wangu Ridahun akasema tatizo ni masikio, akanitajia tena daktari wa masikio. Nikamwambia tatizo ni mvua kwenye bati. Akasema mvua iliacha tangu wiki iliyopita.

Alhamisi, 7 Novemba

Mbinu! Sauti nzito hupenda chombo kikubwa. Nikachukua spika ya Ridahun, nikaitumbukiza kwenye debe la mchele, nikafungulia mpaka mwisho, nikainamisha sikio.

Mchele ukaruka. Punje zikacheza juu ya debe, zikisimama na kuanguka kwa mpigo, vizuri kabisa. Nikatazama muda mrefu. Besi ipo, basi. Mchele unaisikia na mimi siisikii. Sikulipenda wazo hilo, nikaliacha. Mchele ni mwepesi tu, unaruka kwa lolote.

Mama mkwe akatokea na tambuu mdomoni. Nyumba ni yake, kesho itakuwa ya Ridahun, kitindamimba wake, maana kwa mila yetu binti wa mwisho ndiye mrithi. Mimi hapa ni mgeni wa miaka kumi na tisa. Akaniuliza kama huko kwetu mchele huimbiwa kabla ya kupikwa. Nikaambiwa nikafanyie wazimu wangu kwenye kibanda cha kuni. Nimehamia huko.

Jumapili, 10 Novemba

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Bila bendi mimi ni mume wa Ridahun tu, mtu wa kubeba kuni.

Baada ya ibada nilipita ukumbini. Pale kwenye kinanda, karatasi! Larisuk ameiandika besi yangu yote kwa solfa, kwa mwandiko wa ubaoni. Yeye alikuwa nje anakunywa chai. Nikatoa simu, nikapiga picha, nikatoka nikiimba zaburi.

Si kwamba nimebadili msimamo. Noti ni zangu. Mtu haibi chake.

Jumanne, 12 Novemba

Picha ni nzuri isipokuwa kidole gumba changu kimeingia juu na kuficha mstari wa kwanza. Si kitu, juu huwa kuna kichwa cha wimbo tu. Do, so, la, so, mi. Nilizaliwa kwenye kwaya, hizo nazisoma usingizini. Shida moja: do ni ipi? Kanisani hilo halijawahi kunihusu. Mwongozaji hutoa do, sote tunaipokea.

Na mwongozaji ninaye nyumbani! Mama mkwe ameongoza kwaya ya akina mama miaka arobaini. Nikamfuata pale anapoota moto, nikamwomba do. Hakuuliza ya wimbo gani. Akahamishia tambuu shavu la pili, akatoa do, nzito, imesimama. Nikakimbia nayo kibandani nikiivumisha puani isinidondoke, nikaipata kwenye uzi wa tatu. Mpaka jioni nilikuwa nimeshika beti mbili. Ni tamu! Nani alikuwa akipiga hivi? Ni mimi.

Nilipokuwa nakimbia na do yangu nilimsikia nyuma mama mkwe akimwambia Ridahun kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mbali vile nimesikia kila neno. Halafu watu wanasema nina tatizo.

Ijumaa, 15 Novemba

Wimbo wote ninao kichwani. Lakini mazoezini kuna Larisuk, na angenitazama vidole tu angejua nimeutoa wapi. Nimeugua. Homa. Nimemtuma Ridahun akawaambie besi iko tayari na mgonjwa atapona kesho saa saba mchana. Ridahun alikataa uongo. Akasema atawaambia nimelala, na nikalala ili asidanganye.

Alirudi na jibu. Welborn alitaka kunitoa papo hapo. Kong Larisuk ndiye aliyenitetea, akasema mjane ameomba vidole vya Bah Kitbok, basi nipewe nafasi nijaribu. Ana mbinu gani huyu mwanamke? Sikuelewa. Nimelala kweli.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumerudi sasa hivi, chakula bado kiko jikoni. Nimepiga!

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Picha ya Skendro mezani, imezungushiwa maua. Nilianza kwa nguvu. Ubeti wa kwanza tu, watu wakaguswa. Mzee wa kanisa akafumba macho na kukunja uso. Mpiga ngoma akanitumbulia macho kwa mshangao. Mjane, maskini, akajifunika uso kwa shali. Nikasema moyoni, Skendro, unaniona?

Ubeti wa pili Welborn akapita nyuma yangu, akainama kwenye amplifaya yangu. Nikadhani anafunga kamba ya kiatu. Baada ya hapo ukumbi ukatulia kabisa. Mjane akafunua uso, akatabasamu huku analia. Nikaongeza na mapambo. Mwisho wakasimama wote, makofi. Niliinama mara tatu.

Ridahun alitangulia mbele njia nzima, mwendo wa haraka. Furaha ina namna nyingi.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani watu walinisalimia kwa upole mno, kama wanavyosalimia waliofiwa. Kijana wa kwaya akanipisha kiti. Tulipofika uani Ridahun akanikalisha kwenye gogo, akanisogelea sikio la kushoto, akaniambia yote.

Kwamba nilipiga katika ufunguo ambao haukuwa wa wimbo ule. Do niliyoshika ilikuwa ya wimbo wa sadaka, ambayo mama yake huitoa hata akiwa usingizini. Kwamba ilikuwa kama watu wawili wanagombana kwenye msiba. Kwamba Welborn hakuwa anafunga kiatu, alinizima. Kong Larisuk ndiye aliyeibeba besi kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda, kwa kichwa, mpaka mwisho.

Nikauliza, baada ya kuzimwa zilibaki beti ngapi. Akasema tatu.

Beti tatu nimepiga bila sauti. Na sikujua. Niliona ndizo nzuri kuliko zote. Nikaenda kibandani nikakaa juu ya kuni, nikalia, sitaficha. Ridahun alikuja akanishika bega. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba Jumatano saa tisa nina miadi kwa daktari wa masikio, ameshaniandikisha. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 20 Novemba

Saa nane, nimeshavaa koti la kwenda kwa daktari, Kong Larisuk akabisha hodi. Kaja na machungwa ya kwao na ile karatasi, ameiweka kwenye bahasha ya plastiki. Alikataa kiti. Akaongea pole pole akinitazama usoni, na nilimsikia vizuri. Alisema besi atanishikia yeye mpaka nitibiwe, hata ikichukua mwaka, nafasi haiendi popote. Akasema, Bah, wewe unadhani nakudharau, lakini katika zote nilizowahi kuandika hii ndiyo nzuri kuliko zote. Imemchukua wiki nzima. Yeye na Welborn waliihakiki noti moja moja kwa vidude vya masikioni. Anataka kuwafundisha wanafunzi wake. Kwanza niipitie mwenyewe, maana ni yangu.

Mstari wa juu, ule wa kidole gumba, umeandikwa: Do ni A. Besi ya Bah Kitboklang, 1997. Jina langu kamili.

Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa dhati, na nikamsindikiza hadi barabarani.

Kisha nikavua koti, nikachukua kalamu nyekundu na simu, nikakaa kuipitia kama alivyoomba. Makosa! Mstari wa kwanza tu, makosa manne. Anaandika so, la, so, nami nasikiliza pale pale, kimya. Nikarudia mara tano. Hakuna kitu. Mwanamke ameandika noti ambazo hazipo! Na Welborn naye akakubali. Hivi ndivyo karatasi inavyowapumbaza watu. Nisingekuwa na sikio, wanafunzi wale wangefundishwa uongo kwa jina langu.

Nimezikata zote nisizozisikia. Kazi imenichukua mchana mzima na saa ya daktari imepita, lakini kazi kama hii humngoja mwenye masikio. Ukurasa mzima zimebaki noti sita, nazo ni sahihi. Kesho asubuhi nampelekea Larisuk.