Mjukuu wa Merikani

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Anatole amepata karatasi za Kanada. Anatole! Mtu asiyeweza kufungua simu bila kupoteza skrubu. Leo alizunguka duka letu zima la kutengeneza simu na bahasha yake, akasema mbele ya wateja kwamba wengine tutazeekea hapa Umbilo Road. Bosi wetu Juvénal akamkumbatia. Mimi nikaambiwa nifagie. Nimefagia kwa hasira mpaka vumbi likarudi ndani.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda Isipingo kwa Tantine Gloriose, dada wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyekimbia Uvira na sanduku la karatasi za familia. Nimepekua akiwa jikoni. Cheti cha ubatizo cha babu, mwaka 1921: "Dominiki, mwana wa Merikani."

Merikani! Baba wa babu yangu alikuwa Mmarekani! Na familia nzima imenyamaza, inaniacha nisote kwenye foleni ya wakimbizi! Sikumwuliza Tantine kitu, maana angelitangaza kanisani na Anatole angejua. Cheti nimekificha ndani ya shati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimejitazama kwenye kioo cha duka. Pua ni ya Kimarekani kabisa, sikuwahi kuiangalia vizuri. Mzee alikuja kwa meli, bila shaka. Mwindaji. Mrefu. Alipenda Uvira akabaki.

Juvénal akaniambia nishike ufagio. Nikamjibu kwamba Mmarekani hafagii. Nikaongeza machache kuhusu tabia yake, halafu kuhusu tumbo lake. Nimeacha kazi. Anatole alicheka. Acheke tu!

Jumanne, 14 Oktoba

Dirisha la viza kwa Wamarekani. Mama wa dirishani mpole, lakini maswali! Akauliza baba wa babu alitoka jimbo gani. Nikasema majimbo yote. Akauliza jina lake la ukoo. Nikasema Merikani. La kwanza je? Nikasema ni hilohilo. Akanirudishia cheti, akaniomba nimlete mtu wa familia anayeijua habari hiyo. Sawa! Nitamleta Tantine, na atajieleza kwa nini alinificha.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote. Nilimfokea Tantine kwa siri yake ya miaka yote. Alinitazama, akatazama cheti, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta machozi.

"Merikani iko kitambaa, Séverin. Ile nguo nyeupe, ngumu, ya zamani. Ule mzee alikuwaka na shuka moja tu ya merikani. Alivaa mpaka watu wakasahau jina yake."

Shuka! Nimeacha kazi kwa ajili ya shuka! Nina hasira na Tantine, na padri aliyeandika, lakini zaidi na mzee mwenyewe. Hakuwa na nguo ya pili? Hakuona aibu?

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimerudi kwa Juvénal kuomba kazi yangu. Kwenye kiti changu ameketi Carmel, shemeji wa Anatole, na skrubu zake zote zimepangwa. Juvénal akasema hathubutu kumpa Mmarekani ufagio. Tantine ameshasimulia kwaya nzima. Sasa naitwa Shuka. Hata mama Mzulu anayeuza mahindi pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, ananiita Shuka, wala hajui maana yake.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemrudishia Tantine cheti chake. Sanduku lilikuwa wazi. Sikutaka kutazama. Nimetazama. Cheti cha bibi, mke wa babu Dominiki: "Yosefina, binti wa Doti."

Doti! Hilo ni jina la Kiitaliano, mtoto mdogo anajua. Padri alisahau t moja tu. Ndiyo maana napenda makaroni! Tantine akaniona na karatasi, akafungua mdomo aniambie kitu. Nikamkatiza hapohapo. Mwanamke huyu ameshaniharibia Amerika, Italia haigusi. Nimepita kwa Anatole kumwambia abaki na baridi yake ya Kanada. Kesho asubuhi niko dirishani kwa Waitaliano.